Chombo Kilichoondokea Isaka

Kalangalala, Geita
2 Julai 2025

Dada Lusia,

Na siyo kweli kwamba haogi. Anaoga asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni akirudi, na hiyo jioni ananiimbia akiwa bafuni, tena vibaya, na mimi nabaki jikoni nacheka peke yangu kama mjinga. Ulikata simu kabla sijakujibu, ndiyo maana nimechukua kalamu. Barua huwezi kuikata, dada. Utaisoma mpaka mwisho, nakujua, wewe hata karatasi iliyofungia maandazi huwa unaisoma kwanza.

Ulisema uliwaona chuoni, wanaume wa hadithi za sayari na vyombo vya angani. Miwani minene, shati halijaona pasi, wanabishana kuhusu vita vya sayari isiyokuwepo mpaka wali unapoa, na hakuna msichana anayekaa meza yao. Sawa. Lakini mume wangu (naomba uniruhusu niandike tena: mume wangu) hana miwani. Ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na mikono yake imejaa alama za cheche. Na bado anapenda hizo hadithi. Alizipenda tangu akiwa mtoto, kwenye kibanda cha video kule kwao, na sasa anazitunga mwenyewe, anaziandika kwenye simu kwa kidole gumba, ameegemea karasha akisubiri chuma kipoe. Wachimbaji wanamwita Mtu wa Sayari. Anaitikia.

Jumapili baada ya Misa wanakuja wenzake wawili. Clemens ni kinyozi. Hosiana ni mama ntilie anayewapikia wachimbaji, mama mzima mwenye sauti kubwa, na katika hao wote yeye ndiye anayejua zaidi habari za sayari. Wanafunga mlango kwa sababu ya kelele za mtaani, wanagawana sauti za wahusika, wanasoma. Mimi ndiye msikilizaji. Dada, unajua jina la mume wangu, Bujiku, maana yake ni usiku. Mimi namwambia ndiyo maana ana nyota kichwani. Anaona aibu, anaangalia pembeni, na mimi nampenda mpaka nasahau mboga motoni.

Jumamosi Mama anakuja kuiona nyumba yangu kwa mara ya kwanza. Nimefua mapazia. Shemeji George hajambo? Nibusie Enock.

Mdogo wako mwenye furaha,
Pista

*

Ngokolo, Shinyanga
4 Julai 2025

Pista,

Nimesoma mpaka mwisho.

Sikusema yeye haogi. Nilisema watu wa namna hiyo hawaogi. Wako ni wa tofauti, nakubali, kama kila bibi harusi wa mwezi wa pili anavyoona wake ni wa tofauti.

Shida yangu siyo maji na sabuni. Hawa watu wanapenda watu wasiokuwepo. Tulikuwa naye mmoja chuoni, alifiwa na shangazi yake hakudondosha hata chozi, lakini shujaa wa kitabu alipokufa alikaa kitandani siku nzima. Mtu kama huyo utamwambia mtoto ana homa, naye yuko kwenye mwezi. Wanaume wa kuishi nao ni wale wanaojua bei ya mpunga leo.

Jingine. Hapo ulipo ni Geita. Mtu akipata hela ghafla, wanasema ametoa kafara. Akifanya jambo wasilolielewa, wanasema anatafuta wa kumtoa. Sasa ninyi mnafunga mlango kila Jumapili, mnasema mambo ambayo hayapo, na katikati yuko mwanamke ambaye si mke wa yeyote kati yao. Unafikiri jirani zako wanasemaje wakiwa bombani?

Mwambie mumeo aahirishe Jumapili hii. Mama ni mtu wa jembe na rozari. Mambo ya sayari hatayaweza.

Enock hajambo, ametoka jino.

Lusia

*

Kalangalala
8 Julai 2025

Dada yangu,

Mama amekuja na ameondoka, na naandika upesi nikiwa bado nasikia harufu ya sabuni yake kwenye shuka.

Kwanza nikusimulie alivyopokelewa. Bujiku alitengeneza kiti. Alikichomelea mwenyewe, cha chuma, chenye mgongo na mikono, akakipaka rangi ya bluu, akakiweka uani nyuma ya ukuta wa sebule, penye kivuli. Alisema, "Kwa kuwa siwezi kukaa naye, angalau nimkalishe vizuri." Unajua wewe kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, wala hawashikani mikono, wala hawatazamani usoni. Basi walisalimiana kupitia mlangoni. Yeye amechuchumaa nje, macho chini: "Shikamoo, Mama." Mama ndani amegeukia ukutani: "Marahaba, mwanangu. Za kazi?" "Nzuri, Mama." Yakaisha. Mimi nilisimama katikati na ungo wa mchele, nikaona hakuna heshima nzuri kama hii duniani.

Jumapili sikumwambia aahirishe. Nisamehe. Ilikuwa siku ya sehemu mpya, na tangu Jumatano alikuwa ananificha simu ili nisiione kabla. Nilimpa Mama chai na karanga za kumenya, akakaa kwenye kiti chake cha bluu, sisi tukaingia sebuleni. Dada, sehemu hiyo! Nililia. Hosiana naye alilia, na Clemens akajifanya ana vumbi. Mwisho tulipiga makofi mpaka jirani akagonga bati.

Baada ya hapo Mama akanyamaza. Nilidhani ni uchovu wa safari. Usiku akataka nilale naye, akanishika mkono huku akisali, na hakuuachia hata baada ya Amina. Aliniuliza kama kuna nguo yangu imepotea siku za karibuni. Nikamwambia kanga moja, lakini ililiwa na mbuzi wa jirani. Akauliza, "Mbuzi ulimwona kwa macho yako?" Nikamwambia hapana, Bujiku ndiye aliyemwona. Mama akafunga macho.

Alikuwa akae mpaka Alhamisi. Jumatatu asubuhi ameshafunga mfuko. Akasema mpunga uko kwenye turubai na Baba hawezi kukumbuka kuufunika. Bujiku alirudi na samaki aliyemnunulia, akakuta kiti kitupu. Akaniuliza, "Nimemkosea Mama?" Nikamwambia wewe? Wewe umkosee nani?

Lakini wewe, dada, ukiongea na Mama, mwulize kama alikipenda kiti.

Wako,
Pista

*

Ngokolo
11 Julai 2025

Pista,

Mama ni mgonjwa. Njoo nyumbani Kagongwa umsalimie. Uje peke yako, na mumeo mwambie unakwenda kusaidia mavuno. Chukua nguo zako zote nzuri, na cheti cha ndoa, na vitambulisho. Usiache nywele zako kwenye kitana.

Usipokuja mwenyewe, Baba atakuja kukuchukua kabla mwezi haujaisha. Atakuja na Baba Mdogo Mageni.

Usiniulize kwa simu.

Lusia

*

Kalangalala
13 Julai 2025

Dada Lusia,

Nilipanda juu ya kitanda nilipoisoma barua yako, sijui kwa nini, kama mtu aliyeona nyoka. Kisha nikampigia Baba.

Nikamwuliza Mama anaumwa nini. Akasema, "Nani anaumwa? Mama yako yuko mashineni anakoboa." Halafu akakumbuka kitu, akakohoa, akasema, "Anaumwa kidogo." Dada, Baba hajui kudanganya, unamjua. Na hakunitania. Kila nikipiga huwa anasema, "Mke wa fundi, mmechomelea nini leo?" Safari hii ameniita kwa jina langu la ubatizo lote, Theopista, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

Basi Mama haumwi, na wewe umenidanganya. Hujawahi. Hata nilipokuwa mdogo nikakuuliza kama sungura wangu amekufa, uliniambia ndiyo, amekufa, kalale.

Nguo nzuri, cheti, vitambulisho. Hivyo siyo vitu vya kwenda kumsalimia mgonjwa. Ni vitu vya mtu asiyerudi. Mnataka niache nyumba yangu, niache mume wangu, na hakuna aliyeniambia amefanya nini. Bujiku anaona sili. Jana amenitengenezea uji, ukawa na madonge, nikaunywa wote huku nalia na yeye anadhani ni madonge.

Niambie Mama aliona nini hapa. Mpaka uniambie siondoki, na Baba akija atanikuta nimekaa kwenye kile kiti cha bluu.

Pista

*

Ngokolo
15 Julai 2025

Pista,

Haya. Mama hakuona kitu. Alisikia.

Alikuwa ameketi pale mlipomweka, anamenya karanga. Nyuma ya ukuta akasikia sauti ya mumeo, aliitambua vizuri. Ilisema: "Hewa haitoshi watu wote. Mmoja lazima abaki, na nimeshaamua. Ni mke wangu." Sauti ya mwanamke ikauliza, "Mwenyewe anajua?" Mumeo akasema, "Hajui. Ataambiwa siku yenyewe." Mwanamume mwingine akasema, "Akibaki yeye, sisi wengine tutafika kwenye utajiri wote ule." Wakaendelea kupanga. Kisha mkapiga makofi.

Mama anasema aliyatambua na makofi yako. Unapiga viganja vimekunjwa, tangu utotoni. Hilo ndilo linalomliza. Anasema umeshalishwa kitu, unashangilia kufa kwako.

Mama amekulia karibu na maduara. Mashimo yale ya dhahabu hukosa hewa, watu hufia humo, na kila akifa mmoja pakatoka mawe mazuri, watu hunong'ona kuwa alitolewa. Sasa mkwe wake anafanya kazi na wachimbaji, anafunga mlango na watu wa ajabu, anasema hewa haitoshi na anamwacha mke. Wewe ungefikiri nini?

Utauliza kwa nini hakuingia kuuliza. Angeingiaje? Mkwe wake alikuwa humo. Anasema aliinuka kwenye kiti mara nyingi, akafika mlangoni, akarudi. Basi akaendelea kumenya karanga zake, akasubiri basi la kwanza la asubuhi.

Baba anakwenda kwa katekista kesho kuomba ushauri, na Baba Mdogo Mageni tayari anasema mahari itarudishwa. Huu si mzaha.

Mimi nakuuliza kitu kimoja, na unijibu kama dada yako. Nilikuonya kuhusu watu hawa, lakini sikuwahi kusema wanaua. Yale maneno yalisemwa? Na ulipiga makofi?

Lusia

*

Kalangalala
17 Julai 2025

Dada,

Ndiyo, yalisemwa. Ndiyo, nilipiga makofi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Samahani, lakini nilicheka. Hewa ni ya chombo, dada! Chombo kinaitwa Igembe, kama jembe la Mama, kimeondokea Isaka, kwa sababu Bujiku anasema kama mizigo ya nchi jirani inaweza kupitia bandari kavu ya Isaka, na mizigo ya nyota ipitie hapohapo. Kimebeba mbegu za mpunga kwenda sayari yenye ardhi nyekundu, na huo ndio utajiri anaousema Clemens, mashamba yasiyo na mwenyewe. Nahodha anaitwa Ndaki. Mke wake anaitwa Mbuke, naye ndiye fundi wa mashine ya hewa. Njiani tangi limetoboka. Lazima mmoja ashushwe kwenye kituo kilichoachwa, juu ya jiwe lililo peke yake angani. Ndaki anamchagua Mbuke. Kila mtu chomboni anamwona shetani. Kumbe katika kituo kile kuna mashine mbovu ya hewa, na Mbuke peke yake ndiye anayeweza kuifufua. Mwingine yeyote angeshushwa afe. Yeye angeshushwa aishi. Na Ndaki hawezi kumwambia mapema, kwa sababu anamjua, angekataa kuondoka na kuwaacha. Hapo ndipo tulipopiga makofi. Mama alipiga mahesabu yake kabla hatujafika hapo, na sisi tuliposhusha sauti kwa ajili ya kulia, ukuta ukamnyima sehemu iliyobaki.

Basi nikaacha kucheka nikamwita Bujiku nimwambie na yeye acheke.

Hakucheka. Alisoma barua yako akiwa amesimama, akairudisha kwenye bahasha vizuri, akaketi. Akasema, "Pista, kuchekwa nimezoea. Kuogopwa sijazoea." Nilikuwa sijui, dada, ndiyo kwanza ananiambia: kabla yangu alikwenda kuposa kwingine, na wakamkataa kwa sababu hiyohiyo. Walisema mwanamume anayehadithia mambo ya sayari akiwa na ndevu, ama ni mtoto ama ni mchawi. Akaniambia amefikiri, atawaambia Clemens na Hosiana wasije tena. "Ni maneno tu," akasema. "Wewe ni mtu." Kisha akaenda bafuni, na hakuimba.

Wewe ulisema wanapenda watu wasiokuwepo. Dada, nimeolewa na mtu aliyekesha anatafuta namna ya kumwacha mwanamke wa kubuni bila kumuua. Hakumpata kwenye kitabu. Siku moja alikuwa ananiangalia mimi nikizibua jiko la gesi kwa sindano, akasema, "Wewe wakikushusha popote utaishi." Mbuke ni mimi! Mnataka kuja kuniokoa na sifa niliyopewa.

Nimemkatalia. Hosiana amemkatalia zaidi, amekuja na mwiko mkononi, akamwambia, "Fundi, ukimwacha Mbuke kwenye jiwe nikabaki sijui kilichompata, mimi ndiye nitakayekutoa kafara." Hapo ndipo alipocheka kidogo.

Lakini tufanyeje? Bujiku hawezi kwenda kukaa mbele ya Mama akajieleza. Mimi nikisema, mtasema nimelishwa. Ndipo nikakumbuka redio ya Mama, ile ndogo ya memori kadi anayosikilizia kwaya. Tumesimamisha godoro dirishani kuzuia kelele, tumerekodi hadithi yote kuanzia Isaka mpaka pale Mbuke anaposhushwa. Kadi nimeibandika kwa gundi ya karatasi chini ya barua hii. Mwanzoni utasikia salamu yake, na utanisikia na mimi nacheka, nilikuwa nakula muhogo.

Nenda Kagongwa, dada. Usimweleze Mama chochote. Mwekee tu. Ukiona baada ya hapo bado wanakuja kunichukua, nitafungasha mwenyewe, naahidi, na nitakuwa nimekufa kweli.

Shemeji George hajambo? Barua ya pili hii nauliza.

Pista wa Bujiku

*

Ngokolo
22 Julai 2025

Pista,

Nimetoka Kagongwa jana. Nakueleza kama yalivyokuwa.

Niliwakuta Baba na Baba Mdogo Mageni barazani, wamekwishapanga safari. Katekista alikuwa amewaambia wasikilize upande wa pili kwanza, nao wakachukia. Nikasema, upande wa pili huu hapa, nikatoa kadi. Mageni akasema kadi inaweza kuwa imefanyiwa dawa. Baba akaigeuza, akainusa, akasema, "Inanuka muhogo."

Nikaichomeka kwenye redio sebuleni. Ikatoka sauti: "Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama. Mimi Bujiku. Hii ni hadithi tu, nimeitunga mimi. Mke wangu yuko hapa anakula." Na wewe ukacheka, mdomo umejaa. Mama akaruka, akatoka nje mbio amejifunika uso. Nikadhani amekasirika. Kumbe anasema hawezi kukaa chumba kimoja na mkwe wake. Nikamwambia, Mama, hii ni redio. Akasema, "Sauti ni ya nani?" Baba akasema sauti siyo mtu. Mama akamwuliza, "Mbona umemwitikia marahaba?" Na kweli alikuwa ameitikia.

Basi tukaipeleka redio nje, tukaiweka dirishani nyuma ya ukuta, na Mama akakaa ndani jikoni. Tukaanza upya.

Kidogo akapaza sauti: "Wameondokea Isaka? Isaka hii?" Baba akamwambia anyamaze. Kidogo tena: "Isaka na Kagongwa ni pua na mdomo, na hakuna hata mtu mmoja wa Kagongwa humo ndani?" Mageni alikaa ameegemea nguzo, mikono kifuani, anasema huu ni upuuzi, huu ni upuuzi. Tangi lilipotoboka akasogea karibu. Yalipofika yale maneno, "Hewa haitoshi watu wote," niliingia jikoni kumwangalia Mama. Alikuwa ameshika ungo kwa mikono miwili, midomo inakwenda, anayasema maneno pamoja na mumeo. Alikuwa ameyashika yote. Kisha hadithi ikapita pale alipoishia siku ile, akasikia habari ya mashine ya hewa, akasikia kwa nini ni Mbuke. Akaweka ungo chini. Akasema, "Mayu wane! Mama yangu!"

Mlango wa kituo ulipofungwa na kadi ikaisha, Mageni ndiye aliyeuliza kwanza. "Sasa? Anarudi kumchukua?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Wewe umesoma chuo, hujui?"

Hawaji tena kukuchukua. Baba amesema. Nguo zako zikae kabatini.

Na mimi niseme langu. Huyo mwenzetu wa chuoni niliyekwambia hakudondosha chozi kwa shangazi yake, sikumjua hata jina. Hatukuwahi kukaa meza yao. Tuliwacheka tukiwa meza ya mbali, na niliyoyasikia niliyasikia kwa waliokuwa wanacheka. Mumeo ana sauti nzuri. Asiimbe tu.

Umeuliza habari za shemeji yako. Yupo. Anajua bei ya mpunga. Jana usiku nilimwuliza kama tungekuwa kwenye chombo na hewa haitoshi, angefanyaje. Akasema, "Chombo gani?" Nikamwambia basi. Asubuhi akiwa anavaa viatu akasema, "Kile chombo. Ningeshuka mimi." Akaenda zake sokoni. Nimekaa na hilo neno tangu asubuhi, na sijui niliweke wapi.

Mama yuko njiani kuja hapa kwangu. Anasema ana barua ya kuniandikisha.

Lusia

*

Ngokolo
24 Julai 2025

Mwanangu Theopista,

Naandikiwa na dada yako, aandike kama ninavyosema, asiongeze Kiswahili cha shule.

Mwangaluka. Mimi mzima. Baba yako mzima, anasikiliza ile redio akiwa anajifanya anatengeneza baiskeli. Baba yako mdogo Mageni anakuja kila jioni, na jioni ya mwisho kabla sijaja huku alikuja na mke wake, na jirani watatu, nikawakaangia karanga wote. Wanabishana. Mageni anasema Ndaki harudi, wanaume wakishafika kwenye mashamba yasiyo na mwenyewe hawarudi. Mke wake amemwambia, "Wewe hata hapa Kahama ukienda huwa unachelewa." Tumecheka.

Mwambie mkwe wangu hivi. Nilimdhania vibaya kwa sababu nilisikia nusu, na nusu ile ilikuwa mbaya. Sikuweza kuingia. Yeye anajua kwa nini. Kiti kile ni kizuri, sikuwahi kutengenezewa kiti. Nilikikalia nikimwogopa, na hata hivyo mgongo haukuniuma. Namshukuru, wabeja.

Mwambie pia Isaka asiitaje bila Kagongwa. Atie mtu mmoja, hata wa kufagia humo chomboni.

Na hili la mwisho, Lusia aandike kwa herufi kubwa, amekataa, anasema nitaonekana napiga kelele. Basi aandike polepole. Yule binti Mbuke asiachwe pale. Ameachwa na mbegu mkononi, peke yake, na mashine imeanza kuunguruma. Ndaki arudi amchukue. Asiporudi kumchukua, mimi nakuja kumchukua wa kwangu.

Watu wasizuiwe Jumapili. Yule mama mwenye sauti kubwa awepo, nataka kumwona. Wafunge mlango kama kawaida yao, ila wasishushe sauti wakifika penye kulia. Kiti changu kikae palepale nyuma ya ukuta. Nakuja mimi, na Lusia, na mtoto, na Baba Enock anasema atatuleta mwenyewe, na hakuulizwa. Tunakuja kabla mwezi haujaisha.

Mama yako,
Mama Lusia